Chuma Kwenye Kaburi la Mama

Missouri City, Texas
9 Februari 2025

Dada Hasina,

Nakuamkia kwanza, maana nikishaingia kwenye maneno yangu nitasahau adabu. Sisi huku hatujambo. Nawal amehamishiwa shifti za mchana pale hospitali, kwa hivyo siku hizi tunaonana kama mume na mke badala ya kupishana mlangoni. Wanao wamerefuka. Ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza, tena kwa upole, kama wanaokuhurumia. Shemeji Faraj msalimie sana, mwambie tunamwombea dua kwenye yale mahojiano yake ya uraia.

Utashangaa barua, mwaka huu wa simu. Lakini simu zetu unazijua: nikiuliza jambo, kwako mtandao unaharibika. Na kwenye lile kundi la ukoo siandiki kitu. Neno likitiwa pale linafika Mombasa kabla halijafika Haltom City. Barua angalau huwezi kuikata katikati.

Wiki iliyopita nilishusha mzigo Fort Worth, nikapitia makaburini kumzuru mama. Nje ya ua, upande wa ng'ombe, nikamkuta bibi mmoja wa Kimarekani, mvi kichwa kizima, yuko na kijana wa nduguye aliyeshika mashine ya kutafutia chuma ardhini. Jina lake Bi Lorraine. Kumbe hapo zamani, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, ilianguka ndege ya jeshi, zile kubwa za kuangusha mabomu. Haikuwa vitani. Walikuwa mazoezini, wanajifunza kutua gizani, wakashuka kabla ya uwanja wa ndege. Babake alikuwa amekaa mkiani. Kila mwaka huja mara kadhaa kuokota vipande.

Nilimwonea huruma. Mimi mwenyewe nikamkaribisha ndani ya ua, nikamwambia pita kwenye nyasi, usikanyage makaburi tu. Ile mashine ikawa inalia kidogo hapa, kidogo pale. Ilipofika kwenye kibao cha mama ikapiga ukelele hata kijana akaruka nyuma. Akairudisha. Ukelele uleule. Akaniomba radhi, uso umemwiva.

Sasa nieleze, dadangu. Mama alizikwa na sanda, pamba na karafuu maiti. Bangili zake unazo wewe. Kipini chake cha pua ulimpa Nawal. Ni chuma gani kinacholia mle? Msiniambie mlimtia kwenye sanduku la chuma kama wenyeji wa huku.

Nangoja jibu.
Nduguyo,
Swafwani


Haltom City, Texas
3 Machi 2025

Swafwani mdogo wangu,

Ramadhani njema, na Mungu azikubali funga zetu. Nimepokea barua yako nikiwa natoka kazini, wazee wangu wa pale nyumba ya wazee wote wana mafua na mimi ndiye wa kuwapangusa. Faraj anakusalimu. Mahojiano yake yamesogezwa mbele, mara ya pili sasa, na akisikia gari linasimama nje anachungulia dirishani. Mgongo wangu ni uleule.

Kuhusu hiyo mashine, sijui nikwambie nini. Labda ni misumari ya zile mbao za kaburini. Labda ni takataka za hiyo ndege yenyewe, si wewe mwenyewe umesema ilitapakaa? Unamwingiza mgeni na mashine makaburini, halafu unakuja kuniuliza mimi! Mimi ni mwanamke. Siku ile ya maziko nilibaki nyumbani na kina mama kama desturi, nikamsomea mamangu kwenye zulia la sebuleni. Waliokwenda makaburini ni wanaume. Mwana wa kiume wa mama hakuwepo.

Usinifanye niseme zaidi. Tulikupigia tangu alfajiri mpaka maiti inatolewa mlangoni, simu yako imezimwa. Ukasema ulikuwa jangwani Arizona. Haya.

Na mimi nina langu la kukuuliza. Unakuja mpaka Fort Worth, unapita kwa mama, kwangu siku hizi hufiki hata kunywa maji. Nawal alimwambia mtu, na mtu akaniambia, kwamba umeulizia nafasi kwenye makaburi ya huko Houston. Nafasi ya nani? Kama una nia ya kumfukua mama umpeleke huko ili awe karibu na wewe, sema waziwazi, usijifiche nyuma ya mashine ya mzungu.

Dadako,
Hasina


Missouri City
20 Aprili 2025

Dada Hasina,

Idi imepita, Mungu atufikishe nyingine. Biskuti ulizotuma zilifika zimevunjika na tukazila hivyo hivyo, Nawal anashukuru. Trela langu liko gereji, ndiyo maana nina wakati wa kukaa na kufikiri, jambo ambalo wewe hulipendi.

Nafasi niliyoulizia Houston ni yangu mimi. Nimefika umri wa kuulizia.

Sasa hiyo misumari. Nilimpigia Maalim Ridhwan, maana yeye ndiye msimamizi wa uwanja wa makaburi na yeye ndiye aliyepanga mbao za mwanandani, pale maiti anapolazwa ndani ya kaburi. Nikamuuliza mliziweka na misumari? Akacheka. "Wapi umeona, Swafwani, mbao za kaburi zikapigiliwa misumari? Zinalazwa tu." Nikamwambia basi, kwa nini mashine inalia? Kicheko kikakatika. Akaniuliza hali ya hewa ya Houston. Halafu akasema ana mgeni mlangoni. Sijamwona mtu wa mwambao akaagana haraka hivyo.

Kuna jambo jingine ambalo nimelibeba tangu mwaka jana. Tulipokwenda kumzuru mama pamoja, mimi nilipiga magoti penye kibao. Wewe ulisimama pembeni, karibu na ua, umekipa kibao mgongo. Nilidhani unalia na hutaki nikuone. Sasa sijui ulikuwa unafanya nini.

Nitakwambia ninachokiogopa, na usinicheke. Mama alifia hospitalini. Alilala chumba cha baridi na wafu wengine. Huku mtu anachomwa akawa majivu, na watoto wake wanatia sahihi bila kusoma. Niambie kama walikupa mtu mwingine. Niambie kama mlizika sanduku tupu ili tuinue nyuso zetu mbele ya watu. Nitalia, lakini nitajua. Hivi nilivyo silali. Usiponijibu nitakwenda ofisi za kaunti kuomba kaburi lifunguliwe, na mimi ni mwanawe, hawatanikatalia.

Swafwani


Haltom City
11 Mei 2025

Swafwani,

Hatujambo. Usilifungue kaburi.

Mama hakuchomwa. Nilimwosha kwa mikono yangu hii mimi na mke wa Maalim Ridhwan, nikamsuka nywele mafundo matatu, nikamfunga sanda. Nilimjua mpaka kovu la goti. Alitoka mlangoni kwangu yeye mwenyewe, wala si mtu mwingine. Nakuapia kwa Mungu aliyeniumba.

Zaidi ya hapo usiniulize. Niwie radhi. Kama uliwahi kunipenda usiende kaunti.

Hasina


Missouri City
1 Juni 2025

Dada,

Salamu za nyumba nzima. Watoto wamefunga shule, kelele tupu.

Nimeisoma barua yako mpaka karatasi ikalegea. "Alitoka mlangoni kwangu." Sawa. Nimekuamini. Lakini wewe ulimfikisha mlangoni tu, na mimi nauliza alikofika.

Bi Lorraine amenipigia. Tulipeana namba siku ile. Akaniambia jambo ambalo hakuliweza mbele ya yule kijana. Ndege ilipoanguka, yeye alikuwa tumboni. Serikali ikamletea mamake jeneza limefungwa, pamoja na afisa aliyesema lisifunguliwe. Likazikwa kwao, wakawa wanapeleka maua. Mamake alipokuwa anakata roho akamwambia: siku ile wajomba zako walilibeba wanne, wakasema baba yako hakuwa mwepesi namna hii. Mle ndani mlikuwa na kitu kinachomwagika huku na huku, kama mchanga.

Ajuza wa watu, zaidi ya miaka sabini, ameweka maua kwa mchanga. Nilikaa kwenye gari sikuweza kuwasha injini.

Anasema mkia wa ile ndege haukuonekana wote. Anataka kuomba jeshi lije lichimbe pale mashine ilipolia, lakini hatafanya hivyo bila idhini ya wenye kaburi. Ameniuliza mimi kwa heshima kuliko nyinyi mlivyoniuliza jambo lolote siku ile. Nimemwambia nitatia sahihi mwisho wa mwezi.

Kama kuna linalonipasa kujua, nijue kutoka kwako kabla ya koleo.

Swafwani


Haltom City
14 Juni 2025

Ndugu yangu Swafwani,

Tumekula Idi bila hamu. Faraj hajambo wa mwili.

Haya. Umenibana, sina pa kwenda.

Siku ile, mama bado yuko kwangu anaombewa, Faraj na Maalim Ridhwan na vijana wachache walitangulia kuchimba. Uwanja ulikuwa mpya, yeye ndiye maiti wa kwanza. Faraj alishuka shimoni kuchonga mwanandani, koleo likagonga bati nene. Akalivuta. Chini yake kiatu cha buti, na ndani ya kiatu mna mfupa.

Swafwani, mume wangu hakujua habari za ndege. Alidhani ni mtu aliyeuawa akafichwa. Hebu jiweke mahali pake. Wanaume weusi, Waislamu, wako peke yao shambani wamesimama juu ya mifupa ya mtu, na mwenzao mmoja uraia wake hauna jibu. Wapige simu polisi? Waseme nini? Na polisi wangefunga uwanja, na mama angerudishwa kwenye barafu, siku ngapi Mungu ndiye ajuaye. Gari lililombeba lilikuwa limeshaingia getini.

Maalim akasema maiti husitiriwa. Akatoa shuka ya akiba, wakaikusanya ile mifupa, wakaifunga vizuri, wakairudisha palepale pamoja na bati lake. Kumlaza mama na mwanamume asiye wake haikuwezekana. Wakafukia. Wakachimba jingine upande wa ua, wakipokezana koleo, na mvua inaanza. Faraj ndiye aliyeshuka kumlaza mama kwenye mwanandani. Anasema alikuwa mwepesi.

Kibao ndicho kilichotuponza. Mtu wa kaunti alikuwa aje Jumatatu kukagua, na kwenye ramani yao mama ana shimo la kwanza. Wakakisimamisha kibao penye ramani, juu ya mama wakasawazisha na kurudishia nyasi. Ati wangebadilisha mkaguzi akishaondoka. Mkaguzi akaondoka, ukaja wewe kutoka huko Arizona kwako, ukapiga magoti pale, ukalia. Nani angekunyanyua akwambie sogea?

Mimi nilijua siku ya kwanza niliyokwenda kumzuru. Nilikuwa naelekea kwenye kibao, Faraj akanishika mkono akasema, "Simama hapa, si pale." Akanionyesha jiwe jeupe aliloliweka kichwani kwa mama. Ndipo ninaposimama. Sikukipa kibao mgongo kwa kukasirika. Nilikuwa naongea na mama.

Sasa unajua. Ukitia sahihi, unamtia Faraj mikononi mwao. Usipotia, yule bibi atakufa na mchanga wake. Nimeomba uamuzi usiwe wangu, na Mungu ameusukuma kwako. Nakuhurumia.

Hasina


Missouri City
6 Julai 2025

Hasina,

Leo sina salamu.

Mwaka na nusu. Kila mzigo wa Fort Worth nilikuwa naung'ang'ania mimi, madereva wenzangu wananishangaa. Nimemsomea Yasini mzungu! Nimemlilia, nimemwomba radhi, nimemwambia mambo ambayo Nawal hayajui. Na nyinyi mnanitazama. Mnanipikia wali nikirudi.

Kuhusu simu yangu siku ile, usiniulize tena. Jibu nilishalitoa pale penye kibao, na aliyelipokea ni mtu wa buti.

Na nitaaminije kwamba mama yuko penye jiwe jeupe? Ulisema misumari. Ulisema takataka. Faraj akisema jiwe jeupe nikubali? Mimi sasa sikubali neno la mtu. Nitakwenda na ile mashine. Kama ni mama, kwa jinsi alivyozikwa, haitalia.

Sahihi sijatia. Sijalala pia.

Swafwani


Haltom City
3 Agosti 2025

Swafwani mdogo wangu,

Kwetu salama. Sitaandika mengi.

Faraj amezisoma barua zako, hata ile ya Bi Lorraine. Nilikuwa nimezificha kwenye unga, akaziona. Alikaa nazo jikoni, kisha akaniambia, "Huyu bibi amemngoja babake tangu hajazaliwa, na mimi nimemfunga babake kwenye shuka nikamficha." Asubuhi yake akamchukua Maalim Ridhwan na wakili, wakaenda wenyewe kwa watu wa kaunti wakasema yote. Walihojiwa kutwa nzima. Nilikwisha kumtilia nguo begini, soksi na kila kitu. Jioni wamemrudisha. Uraia hatujui utakuwaje, wakili anainua mabega tu.

Kwa hiyo sahihi yako haimfungi mtu tena. Tia au usitie. Lakini ukienda, nenda kama mwanawe, usiende kama askari.

Dadako akupendaye,
Hasina


Missouri City
19 Oktoba 2025

Dada Hasina,

Shikamoo, na hii shikamoo uihesabu pamoja na ile niliyokunyima Julai. Nawal anakusalimu, watoto wanakusalimu, kwa Kiingereza chao. Shemeji Faraj mwambie nitakuja kumwona uso kwa uso, sina la kumwambia kwenye karatasi.

Nilitia sahihi. Walichimba juzi, watu wa jeshi na wataalamu wao, taratibu mno, kwa brashi kama watu wanaosafisha meno. Nilijua huwezi kuja, ndiyo maana nakueleza.

Walitoa bati, wakatoa buti. Halafu wakaifikia ile shuka, mafundo yake bado yamekaza. Yule mkubwa wao akasimama, akauliza nani aliyemfunga hivi. Nikamwambia jamaa zangu. Bi Lorraine alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, akaomba aiguse. Hawakutaka, kisha wakamwachia. Aliishika pembe, akapapasa fundo moja kwa kidole gumba. Majibu ya vipimo hayatatoka leo wala kesho, lakini yeye haonekani kuyangoja.

Akaniuliza, "Wewe ndiye uliyekuwa unakuja kupiga magoti hapa?" Maana alikuwa akiniona kutoka upande wa ng'ombe, hata kabla hatujajuana. Nikasema ndimi. Akauliza nilikuwa nasema nini. Nikamtafsiria nilivyoweza: Mola wangu, umrehemu kama alivyonilea nilipokuwa mdogo. Akacheka huku machozi yanamtoka. Akasema babake hakupata kumlea mtu hata siku moja, lakini angependa kuambiwa hivyo. Akaniomba nisimdai zile dua. Nikamwambia yalishafika, siwezi kuyarudisha.

Nilimpenda yule bibi, wallahi.

Walipoondoka nilimshika kijana wa nduguye. Nikampeleka penye jiwe jeupe, nikamwambia pitisha mashine yako hapa. Akanitazama, akaipitisha kuanzia kwenye ua mpaka kwenye shimo la wanajeshi. Nilikuwa naifuata hatua kwa hatua, Hasina. Akapita kichwani, akapita miguuni. Nikamwambia rudia. Akarudia, polepole zaidi, karibu inafuta nyasi.

Haikulia.

Nikamwambia asante, niache. Nikakaa chini, nyasi zimeloa, suruali ikaloa. Nilitaka kuanza Yasini, nikaiacha. Yote niliyokuwa nayo ya kumwambia nilishayamaliza pale pengine. Yale ya simu pia. Nikaweka mkono penye jiwe la Faraj. Nikamtolea salamu tu, kama mtu anayebisha hodi akiwa amechelewa na anajua amechelewa.

Nikasema, mama, ni Swafwani. Nimefika.

Nduguyo,
Swafwani